Gari la Mwalimu Yoeli Lililokwenda Ufipa

"Usilolisema hujaliuza." Mmelisikia jana kwenye posa ya dada yenu, pale bibi wa upande wa mama alipowageukia wageni na kuwauliza kama kijana wao ana mtoto mahali pengine. Nyinyi mkacheka, mkadhani ni maneno ya sokoni yameingizwa kwenye posa kwa utani, na leo mmenijia kuniuliza yametoka wapi. Kaeni basi. Ziko methali ambazo hakuna ajuaye zilizaliwa lini, tumezikuta tu kama tulivyoikuta milima. Hii sivyo. Hii naijua siku yake, naijua nyumba iliyotamkiwa, na mimi babu yenu nilikuwa mmoja wa waliotamkiwa. Mwanzo wake ni huu.

Miaka hiyo nilikuwa fundi wa magari hapa Same, na gereji yangu ilikuwa nyuma ya stendi ya zamani. Miongoni mwa magari niliyoyahudumia lilikuwamo la Mwalimu Yoeli Mshana. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, na ndiye aliyenifundisha mimi kusoma. Watu wawili wakigombania mpaka wa shamba walikuwa hawaendi kwanza kwa mwenyekiti, walikwenda kwake. Akisema mpaka uko hapa, walichomeka mkonge pale pale na maneno yakaisha. Nawaambia haya ili msije mkadhani namsimulia tapeli.

Gari lake lilikuwa jeupe, refu, la milango mitano, la kupanda milima. Masika moja alikuwa akitoka mazikoni kule juu Vudee. Ukungu ulikuwa umeshuka, na macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia mtoto wa jicho. Gurudumu la mbele likatumbukia kwenye mtaro uliochimbwa na maji ya mvua, gari likakaa kwa tumbo juu ya jiwe. Liliponifikia nililipiga jeki nikaingia uvunguni. Nikaona chesisi, ule uti wa mgongo wa chuma unaobeba gari zima, umepasuka upande wa kushoto. Ufa wenyewe ulikuwa wa kuingiza ukucha.

Chesisi nyingine ya gari kama lile haikupatikana. Mwalimu akaniambia nifanye niwezalo. Nikauchomelea ule ufa, nikaongeza bamba la chuma juu yake, nikalichomelea nalo, kisha nikapaka rangi nyeusi. Kazi ilikuwa nzuri kwa macho. Nilipomkabidhi ufunguo nilimwambia, "Mwalimu, kuanzia leo hili ni gari la mjini. Watu wanne, barabara ya lami. Usilipandishe milimani, wala usilibebeshe gunia." Akaitikia, na kwa mwaka mzima alifuata maneno yangu kama alivyokuwa anataka sisi tufuate ya kwake darasani.

Baadaye macho yakazidi. Daktari akamkataza kuendesha, naye akaamua kuliuza gari.

Mnunuzi wa kwanza alikuja na fundi wake. Fundi akaingia uvunguni, akatoka akijipangusa mikono, akamnong'oneza bosi wake, wakaondoka. Wa pili alikuja peke yake, na Mwalimu mwenyewe akamwambia habari ya ufa bila kuulizwa. Yule bwana akamshukuru sana kwa uaminifu wake, na hakurudi tena. Nataka mlijue hilo: Mwalimu hakuanza kwa kuficha. Alianza kwa kusema, na kila aliposema, mtu aliondoka. Gari likakaa uani miezi mitano. Magurudumu yakapungua upepo, kuku wakawa wanatagia chini yake. Kila asubuhi Mwalimu alipotoka kunawa uso alilikuta pale, na nadhani lilikuwa linamkumbusha macho yake.

Mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam ndiye aliyekuja na shauri. "Baba, watu wa hapa wanalijua gari lako. Tupige picha tuweke kwenye kundi la simu. Atapatikana mtu wa mbali." Gari likaoshwa, likang'arishwa, likapigwa picha sita. Hakuna hata moja iliyopigwa uvunguni.

Hazikupita wiki mbili, mtu wa mbali akapatikana. Aliitwa Deogratias Mwanakulya, mkulima wa maharage huko Ufipa, kwenye kijiji kilichoko juu ya ule mteremko mkubwa unaoshuka Bonde la Rukwa. Siku aliyopiga simu, Mwalimu alikuwa gerejini kwangu, ameketi juu ya tairi, na kwa kuwa alikuwa haoni vizuri vitufe vya simu, mimi nikambonyezea na kuiweka spika. Kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Za huko?"

"Huku salama, tunavuna. Binti yangu Veneranda ndiye aliyeiona picha ya gari akanionyesha. Tumelipenda. Sisi huku tuko juu na soko liko bondeni, ni mteremko wa saa moja na zaidi. Nataka la kushushia maharage, na kina mama wakitaka kwenda hospitali lisaidie."

Mwalimu akasema, "Naam."

"Siwezi kuja kuliona. Ni siku mbili barabarani na niko katikati ya mavuno. Magari siyajui. Lakini nimeambiwa wewe ni mwalimu, na mimi hata huku kwetu mtu ninayemwamini ni mwalimu. Basi wewe ndiye macho yangu. Nakuuliza swali moja tu: lina ugonjwa wowote?"

Mwalimu akaugeuza uso upande wangu. Sijui aliona nini kwa macho yale. Mimi nilimwona vizuri sana. Nilimwona akifungua kinywa na kukifunga. Kisha akasema, "Gari limetunzwa. Limepata huduma kwa wakati, sijawahi kulikosesha oili hata siku moja. Fundi wake yuko hapa, muulize."

Akanisogezea simu.

"Fundi, unasemaje wewe?" akauliza yule bwana.

Nikasema, "Injini yake nzima kabisa. Haili oili, wala haichemshi."

Sasa sikilizeni. Hapo hapakuwa na neno hata moja la uongo. Gari lilitunzwa. Injini ilikuwa nzima. Yule bwana akacheka kwa furaha, nikasikia na sauti ya msichana karibu yake ikisema, "Baba, mwambie tunalichukua." Simu ikakatika.

Nikamrudishia simu yake. Mwalimu akasema, "Hatukusema uongo, Zefania."

Nikamjibu, "Hatukusema, Mwalimu."

Mwanawe akaandika karatasi ya mauziano. Ndani yake kulikuwa na mstari mmoja uliosema gari linauzwa kama lilivyo na mnunuzi ameridhika nalo. Karatasi ikaenda Ufipa kwa simu, ikarudi imesainiwa. Malipo yakaja yote kwa mkupuo bila kupunguza hata shilingi, na dereva akaja kulichukua gari. Lilipokata kona ya stendi nilisikia nafuu, kama mtu aliyetoa mwiba. Naungama hilo.

Miezi minne ya kwanza ilikuwa ya shukrani. Bwana Mwanakulya alipiga simu kila Jumapili baada ya misa kumsalimu Mwalimu. Alimsimulia walivyompeleka mama mmoja kujifungua akafika salama, na watoto kijijini walivyolipa gari jina la Mwalimu. Akatuma debe la maharage kwa basi, maharage ya njano mazuri ya kwao. Mke wa Mwalimu akayapika na kunialika. Mwalimu alikula kidogo, akasema ameshiba.

Mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja, nilimwona Mwalimu akija gerejini peke yake, anapapasa njia kwa fimbo. Hakuwa na desturi ya kuja bila kuongozwa. Nikajua kuna jambo.

"Kapiga simu," alisema. "Mlango wa nyuma wa kushoto umegoma kufunga. Ukiusukuma unarudi. Anauliza ni nini."

Niliacha spana chini. Mlango wa gari ukianza kukataa kufunga bila kugongwa, fundi yeyote anajua. Maana yake fremu inayoushika mlango imepinda, na fremu inapinda kwa sababu kilichoko chini yake kinashuka. Nikamwambia, "Chesisi inashuka, Mwalimu. Bamba langu linaachia."

"Kwa hiyo asiliendeshe."

"Asiliendeshe hata hatua moja."

Alikuwa ameegemea mlango wa gereji. Akasema, "Nimwambie?"

Na hapa, wajukuu zangu, ndipo msije mkamtwika Mwalimu peke yake. Mimi ndiye niliyesema, "Ukimwambia leo, atauliza umejuaje."

Barabarani palikuwa na mtu anauza sukari guru kwa kipaza sauti, naye alipita, akaenda zake. Mwishowe akasema, "Wewe ndiye fundi. Mwambie kitu."

Nikaichukua simu. Nikampigia Bwana Mwanakulya, nikamwambia bawaba za mlango zimekauka kwa vumbi, atie grisi, na kama haitoshi afunge kwa kamba mpaka apate fundi wa bodi. Akanishukuru. Akasema, "Afadhali umenitoa wasiwasi. Veneranda alikuwa anaogopa. Anasema gari siku hizi linalia tukiteremka." Nikamwambia magari ya zamani yote hulia.

Siku kumi na moja baadaye walikuwa wanashuka na magunia ya maharage yaliyokuwa yamebaki ghalani. Walikuwa baba na binti tu. Veneranda alikuwa akiwafundisha watoto wadogo kijijini, na kila Jumamosi alifuatana na baba yake sokoni kwa sababu yeye ndiye aliyejua kusoma mizani vizuri. Katikati ya mteremko chesisi ikakatika upande wa kushoto. Gari likajikunja, likabiruka, likalala kwenye korongo. Baba alivunjika mkono. Binti alibanwa na ule ule upande wa mlango uliofungwa kwa kamba. Watu wa kushuka kuwatoa walichelewa, kwa kuwa gari la kijiji la kukimbiza majeruhi lilikuwa ni hilo hilo lililoanguka. Veneranda alikuwa na miaka ishirini na miwili.

Kilichofuata kilikuwa ugomvi wa simu, na ulidumu karibu miezi miwili. Aliyepiga kwanza hakuwa baba wa marehemu, alikuwa baba yake mdogo, na alitukana. Mwanawe Mwalimu akajibu kwa kutuma ile karatasi. Upande wa kule wakasema tumewauzia jeneza. Upande wa huku wakasema gari limekaa kwao miezi mitano, wamelibebesha magunia kupita kiasi, sasa wanatafuta wa kumlaumu. Mwanasheria akaulizwa, akasema maneno "kama lilivyo" yana uzito na sahihi ya mnunuzi ipo. Hapa mjini karibu wote walikuwa upande wa Mwalimu. Watu walikuwa wakikaa gerejini kwangu wakisema, "Mtu mwadilifu kama yule anasumbuliwa na wasiojua kutunza mali." Mimi nilikuwa chini ya magari yao, nakaza nati, na sikusema kitu.

Mwalimu mwenyewe hakujibu simu hata moja. Aliacha kusoma masomo kanisani, akisema ni macho. Mkewe aliniambia kuwa chakula kinarudi jikoni kama kilivyokwenda.

Mwishoni mwa Januari Bwana Mwanakulya akaja mwenyewe. Alishuka kwenye basi asubuhi, akauliza nyumbani kwa Mwalimu, akaelekezwa. Mwalimu aliposikia ni nani amesimama mlangoni alimtuma mkewe kuniita mimi, na pia mwenyekiti wa mtaa, Bi Hawa Kajiru, kwa sababu watu walikuwa wameanza kukusanyika nje na ilihofiwa pangetokea fujo.

Hapakutokea fujo. Nilimkuta mtu mfupi, mwembamba, amevaa koti la kijivu lililompwaya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeungwa vibaya, haukunyooka. Miguuni pake kulikuwa na mfuko wa turubai. Alikuwa ameshamwamkia Mwalimu shikamoo, na Mwalimu alikuwa ameitikia.

Bi Hawa akafungua mazungumzo kwa upole. Akampa pole ya msiba. Kisha akasema kwamba karatasi ya mauziano ipo, imesainiwa na pande zote, na kama ana madai ni vema yafuate utaratibu.

"Sina madai, mama," akasema Bwana Mwanakulya. "Na karatasi naikumbuka. Niliisaini mwenyewe. Niliandikiwa kwamba nalinunua kama lilivyo." Akamgeukia Mwalimu. "Sasa nimekuja uniambie lilivyokuwa."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa kitambaa cha kiti.

Yule bwana akafungua mfuko kwa mkono wake mzima, akatoa kipande cha chuma cha urefu wa mkono, akakiweka mezani. Kilikuwa kimekatwa kwa msumeno ncha zote mbili. Upande mmoja kilikuwa na kutu, upande wa pili kilikuwa na rangi nyeusi, na katikati bamba limebanduka nusu. Nilikitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Bi Hawa akauliza, "Hiki ni nini?"

Wale waliokuwa dirishani waliacha kunong'ona. Nikajiona nasimama.

"Ni kipande cha chesisi," nikasema. "Na hilo bamba nililichomelea mimi."

"Lini?" akauliza Bwana Mwanakulya.

"Zaidi ya mwaka mmoja kabla hujalinunua."

"Nilipokuuliza siku ile kwenye simu, ulikuwa unalikumbuka?"

"Nilikuwa nalikumbuka."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu. "Hilo naweza kulielewa," akasema. "Mtu anauza, anataka kuuza. Nami ningeweza kutafuta fundi wa kwetu, sikumtafuta. Hilo nimejilaumu peke yangu. Kuna jingine. Mlango ulipogoma kufunga, nikapiga simu. Ukaniambia nitie grisi. Siku hiyo ulikuwa unajua?"

Ningetoa chochote nisiulizwe swali lile. Nikasema, "Nilikuwa najua."

"Na Mwalimu?"

Nilitaka kusema Mwalimu hakujua. Nilishaliandaa neno hilo mdomoni. Lakini Mwalimu akaniwahi. Alisema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia majina darasani, "Nilijua. Aliniambia asiliendeshe hata hatua moja. Ndipo nikamwambia akupigie."

Mke wa Mwalimu aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ndani akaweka kanga mdomoni, akageuka, akaenda jikoni. Hakurudi sebuleni siku ile.

Bi Hawa akamwagizia Bwana Mwanakulya maji. Yaliletwa, akanywa, akashukuru. Kisha akasema, na haya ndiyo maneno yenyewe, sikuongeza wala sikupunguza:

"Nimekaa miezi hii yote nikifikiri nilinunua gari lenye ufa. Kumbe sikulinunua. Mlichoniuzia ni kile mlichonisemea, kwamba limetunzwa, kwamba injini ni nzima. Hicho nilikipokea, na kila Jumapili nilikuwa nakushukuru, Mwalimu. Ufa hukunisemea. Na usilolisema hujaliuza. Ufa ulikuwa wako siku zote. Ulikuja kwangu kama mgeni, ukamla mwanangu. Nimekurudishia."

Akakisukuma kile chuma kidogo kuelekea kwa Mwalimu, akasimama.

Mwalimu naye akasimama, akinyoosha mikono mbele kwa kuwa hakuona mwenzake yuko wapi. "Nitakurudishia kila kitu," akasema. "Nitauza shamba."

"Usiuze shamba, Mwalimu," akajibu yule bwana. "Sina cha kurudishiwa."

Akatoka. Wale watu waliokuwa nje, waliokuja wakitarajia kumzomea, walimpisha. Bi Hawa alimsindikiza hadi stendi, akakaa naye mpaka basi likaondoka. Aliniambia baadaye kwamba njia nzima hawakuzungumza habari ya gari. Yule bwana alimuuliza tu ule mlima mkubwa unaitwaje.

Jumapili iliyofuata Mwalimu aliomba nafasi kanisani. Akaongozwa hadi mbele, akasimulia yote, na kunitaja akanitaja kwa kuwa nilimruhusu. Wapo walioona amezidisha. Walisema mbona karatasi ilikuwepo. Akajiuzulu uzee wa kanisa. Alikuwa amepangiwa siku ya kupasuliwa macho hospitalini, akaiacha ipite. Mkewe na mimi tulimbembeleza sana. Alituambia tu kwamba hana haraka.

Mwezi wa sita akaniomba nimpeleke Ufipa. Tulisafiri siku mbili, nimemshika mkono kila tuliposhuka. Sijui nilitarajia nini, labda mapanga, labda mlango kufungwa. Bwana Mwanakulya alikuwa akipura maharage uani. Alituona, akaacha fimbo, akatuletea vigoda na maji ya kunawa, na mkewe akatuandalia ugali wa ulezi na mboga. Tulikula. Mama yule hakutuangalia hata mara moja, lakini alituongezea mboga zilipopungua.

Baada ya chakula Bwana Mwanakulya alitupeleka kaburini, nyuma ya nyumba, penye msalaba wa mbao. Mwalimu alipiga magoti. Kwa kuwa haoni, alilitafuta jina kwa vidole, akapita juu ya herufi moja baada ya nyingine, polepole, kama mtoto anayejifunza kusoma: V, e, n, e. Alipofika mwisho akaanza upya. Mimi nilisimama nyuma yake na sikujua pa kuweka mikono.

Alipoinuka alimwambia baba wa marehemu, "Nisamehe, mwanangu."

Bwana Mwanakulya alijibu, "Sijui kama naweza, Mwalimu. Nisikudanganye. Ila umekuja, na nimeona umekuja."

Ndivyo tulivyoagana. Mwalimu Yoeli alifariki kabla ya masika ya pili. Mazishini watu walikuwa wengi, maana walikumbuka mema yake, na yalikuwa mengi kweli. Kutoka Ufipa ulikuja ujumbe wa simu wa maneno mawili tu, "Poleni sana", na mwanawe aliusoma pamoja na salamu nyingine za rambirambi.

Mimi niliendelea na ufundi miaka tisa, kisha nikafunga gereji. Bi Hawa ndiye aliyelibeba neno lile. Kila walipomjia wauzaji wa viwanja na ng'ombe kugombana mbele yake, aliwaambia alivyosikia sebuleni kwa Mwalimu. Wao wakalipeleka mnadani, mnadani likaenda vijijini, mpaka limefika kwenye posa, na waliolitumia jana wengi wao hawajui habari ya gari lolote. Si vibaya. Neno likishakuwa la watu wote, halina haja ya kubeba majina ya wafu.

Lakini nyinyi mmeniuliza, nami nimewajibu. Gari liliondoka hapa na ufunguo wake, na kadi yake, na magurudumu mapya. Mwenye kuuza alilipwa na mwenye kununua alisaini. Ufa haukwenda popote. Ulibaki hapa Same, nusu kwa Mwalimu na nusu kwangu. Mwalimu amelala nao, na mimi huu ni mwaka wa kumi na mbili ninaamka nao. Usilolisema hujaliuza.